Raha za Nanjing ambazo mtoto wa Lamu hakuambiwa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa, zipo nyumba kadhaa hapa pwani ambazo huanza kuzungumza habari za Uchina kwa sauti ya chini. Kijana amesikia kwamba kuna ufadhili wa masomo. Baba anauliza nauli itatoka wapi. Mama hasemi kitu, na akisema, husema neno moja tu: mwanangu atakula nini huko?

Usimcheke mama. Swali lake ndilo la maana kuliko yote yatakayoulizwa katika kikao hicho, na ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu wa leo. Maana habari za majumba marefu na magari moshi yaendayo kasi kama mshale, kila mtu amekwisha kuziona kwenye televisheni. Raha hizo zimetangazwa mno hata zimechakaa kabla mtu hajafika. Zile zinazomfanya mwanafunzi avumilie miaka mitano mbali na kwao ni nyingine kabisa, na aghalabu hakuna anayekuambia mapema.

Kwetu Lamu safari ya namna hii ina historia yake. Mnamo 2005 binti mmoja wa kisiwa cha Pate, Mwamaka Sharifu, alitajwa katika magazeti ya dunia nzima alipoalikwa Uchina kuhudhuria sherehe za miaka 600 tangu amiri Zheng He aanze safari zake za bahari. Kwa nini yeye? Ukoo wake ni miongoni mwa zile koo za Pate ambazo wazee wake husimulia kwamba wametokana na mabaharia wa Kichina. Chombo chao, husema wazee, kilivunjika karibu na Shanga, nao wakaogelea hadi nchi kavu, wakasilimu, wakaoa. Binti huyo alipewa ufadhili na serikali ya Uchina, akaenda kusomea tiba ya jadi ya Kichina katika chuo kikuu kilichoko Nanjing.

Kuhusu nasaba hiyo, sisi tunasema tusiharakishe. Bakuli za Kichina zimepamba zidaka na makaburi ya visiwa vyetu kwa karne nyingi, na mwaka 2013 sarafu ya enzi ya mfalme Yongle ilipatikana katika kisiwa cha Manda. Lakini bakuli na sarafu hupita mikono mingi, na hazitoshi kuthibitisha kwamba fulani ni babu wa fulani. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa 2023, kutokana na makaburi ya zamani ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwingineko, ulionyesha hasa damu ya Kiafrika, zaidi upande wa akina mama, ikichanganyika na ya Kiajemi upande wa akina baba, na ya Kihindi kidogo. Hata hivyo, jambo moja halina ubishi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga, zawadi ya kumpa mfalme, na wakati huo Nanjing ndiyo iliyokuwa bado mji mkuu. Beijing ilipewa heshima hiyo rasmi mwaka 1421. Kwa hiyo kijana wa pwani anayekwenda kule leo si wa kwanza kuivuka bahari ile na mzigo wa ajabu.

Basi tuseme ni wewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, kuanzia Kiunga hadi Witu. Nanjing peke yake ilipata zaidi ya milioni 9 katika sensa ya Uchina ya 2020. Umezoea mji ambao magari yake huhesabiwa kwa vidole, na ambao kipenu cha nyumba moja karibu kiguse cha nyumba inayoielekea. Sasa unasimama kando ya barabara yenye njia nane. Na linalotisha zaidi si magari. Ni zile pikipiki za umeme, ambazo hazina sauti hata kidogo. Huziona zikiwa tayari zimekupita ubavuni. Punda wa Lamu angalau hulia.

Wiki za kwanza, kwa hakika, hazina raha yoyote. Lugha ni ukuta. Neno "ma" likipandishwa sauti lina maana moja, likishushwa lina nyingine, na ukikosea muuza duka anakutazama kwa huruma. Lakini hapa mtoto wa Lamu ana akiba asiyoijua. Yule aliyekaa chuoni tangu utotoni, mbele ya mwalimu, akirudia juzuu baada ya juzuu mpaka ikakaa kifuani, amekwisha kufundishwa namna Wachina wenyewe wanavyofundishwa maandishi yao: andika, futa, andika tena, soma kwa sauti, kesho rudia. Mtu aliyezoea kuelewa kwanza ndipo ahifadhi hupata taabu. Wewe umezoea kuhifadhi kwanza na kuelewa baadaye, na kwa lugha ile hiyo ndiyo njia.

Sasa turudi kwa mama na swali lake. Ni kweli kwamba nguruwe ni nyama ya kila siku Uchina, na hata maandazi meupe ya mvuke yauzwayo asubuhi aghalabu yana nguruwe ndani. Ni kweli pia kwamba watu wa Nanjing wanasifika kwa kumpenda bata, na supu yao mashuhuri ya tambi huwekwa damu ya bata iliyogandishwa. Hiyo ipite mbali. Lakini kabla hujajifunza neno jingine lolote la kusoma, jifunze maandishi mawili yasomwayo "qingzhen". Hayo ndiyo huandikwa juu ya mlango wa mkahawa wa Waislamu. Zamani mengi ya mabao hayo yalikuwa na Kiarabu pia. Miaka ya karibuni Kiarabu kimeondolewa katika sehemu kadhaa za nchi hiyo, kwa hiyo usikitafute ukakata tamaa. Tafuta yale maandishi mawili.

Ukiyaona, ingia. Mara nyingi utakuta ni duka dogo la tambi za Lanzhou, na wenyewe ni Waislamu wa Kihui kutoka Qinghai au Gansu, mbali sana magharibi, ambao nao ni wageni Nanjing kama wewe. Fundi huchukua donge la unga, akalivuta kwa mikono miwili hadi upana wa kifua, akalikunja, akalivuta tena, nyuzi mbili zikawa nne, nne zikawa nane, mpaka ana mkononi kitu kama nywele za mtoto. Hukitupa katika sufuria, akakitoa, akamwaga mchuzi wa ng'ombe na pilipili juu yake. Yote hayo kabla hujamaliza kuvuta kiti. Unatoa salamu, "Assalamu alaykum", na mtu ambaye hamna neno jingine la pamoja anakuitikia kwa salamu ile ile uliyofunzwa na bibi yako. Wapo waliosema bakuli hilo la kwanza liliwatoa machozi, na wakasingizia pilipili.

Bata pia hujakatazwa. Waislamu wa Nanjing wamekuwa wapishi wa bata kwa vizazi vingi, na mkahawa wao mkongwe, Ma Xiang Xing, umekuwapo tangu karne ya 19. Asubuhi nako kuna vijiti virefu vya unga vilivyokaangwa vikavimba, vinavyochovywa katika maziwa ya soya ya moto. Si mahamri, hilo tuseme waziwazi. Hayana iliki, hayana tui. Lakini mtu aliyeondoka kwao akidhani hataona tena unga ukielea katika mafuta alfajiri, huridhika.

Halafu kuna maji. Ukiagiza maji katika mkahawa wa Kichina unaletewa ya moto. Ukiumwa kichwa unaambiwa kunywa maji ya moto. Ukiumwa tumbo, maji ya moto. Ukiachwa na mchumba, nadhani ni hayo hayo. Katika mabweni ya vyuo, kwa miaka mingi, wanafunzi walibeba chupa zao za chai jioni hadi kwenye chumba cha kuchemshia maji, wakapanga foleni, wakarudi nazo zimejaa. Wageni kutoka nchi za baridi huliona jambo hili kuwa la kichekesho. Mtu wa Lamu, ambaye amewaona wazee wakinywa kahawa ya moto barazani katika joto la kaskazi, jasho likiwatiririka na wakisema kwamba ndiyo huleta ubaridi, halimshangazi hata kidogo.

Lakini raha ambayo sisi tungeiweka mbele ya zote si ya kinywani. Ni ya namna ya kuitana. Muuza mboga wa mtaani huko haitwi "mama muuza", wala haitwi kwa jina. Anaitwa "ayi", yaani dada ya mama. Mlinzi wa mlango wa bweni ni "shushu", yaani mdogo wake baba, kwa maneno mengine ami. Mzee kwenye benchi ni "yeye", babu. Kikongwe ni "nainai", bibi. Katika jiji la watu milioni 9, msomaji, mtu usiyemjua unamwita ami! Mtoto aliyelelewa Mkomani au Langoni, ambaye hawezi kupita baraza bila kumwamkia kila ami na kila shangazi aliyeketi pale, hahitaji kufundishwa adabu hiyo. Anahitaji kufundishwa maneno tu. Na siku ile muuza mboga anapokuuliza "Umekula?", usimwambie ulichokula. Kwa wazee wa Kichina hiyo ni salamu, kama sisi tunavyouliza "Hujambo?" bila kutarajia orodha ya maradhi.

Mjini kwenyewe kuna kivuli. Barabara kubwa za Nanjing zimepandwa miti mirefu ambayo matawi yake hukutana juu katikati ya njia, nayo ilianza kupandwa kwa wingi wakati wa kuandaa mapokezi ya maiti ya Sun Yat-sen, baba wa jamhuri ya Uchina, aliyezikwa katika mlima ulio kando ya jiji mwaka 1929. Mwaka 2011 serikali ya jiji ilianza kuing'oa baadhi ili kupisha reli ya chini ya ardhi. Wakazi wakajitokeza, wakaifunga miti utepe wa kijani, wakapiga kelele mpaka kazi ikasimamishwa na mipango ikabadilishwa. Ukipita chini ya miti ile wakati wa joto la Julai, nyuzi 35 na zaidi, utaelewa walichokuwa wakikipigania.

Upo pia ukuta wa zamani wa mji, uliojengwa katika karne ya 14, na kiasi cha kilomita 25 bado umesimama. Pita karibu uyatazame matofali. Mengi yamechapwa majina ya waliohusika kuyatengeneza, kuanzia afisa wa wilaya hadi mfinyanzi, ili tofali likipasuka ijulikane ni la nani. Huku kwetu, ambako barabara hupasuka mwaka ule ule ilipofunguliwa, ni jambo la kufikiria.

Ijumaa, panda gari moshi la chini ya ardhi, lililoanza kazi Nanjing mwaka ule ule wa 2005, ushuke Sanshanjie. Hapo uko msikiti wa Jingjue. Utaupita mara mbili bila kuutambua, kwa sababu hauna mnara. Una paa la vigae lililopinda pembeni na ua wa ndani kama nyumba yoyote ya kale ya Kichina. Asili yake ni mwisho wa karne ya 14, na ulipoungua, aliyemwomba mfalme ujengwe upya mwaka 1430 ni Zheng He, ambaye mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan. Kaburi lake liko nje kidogo ya jiji, ingawa wengi huamini kwamba ni tupu na kwamba amiri huyo alizikwa baharini. Mabaharia wetu wanajua mambo hayo.

Kwa mwanafunzi wa tiba kuna starehe moja zaidi, nayo ni ya pua. Duka la dawa za Kichina lina ukuta mzima wa visaga vidogo vidogo, na mwuzaji anapovivuta kimoja kimoja unapata harufu ya karafuu, ya mdalasini, ya tangawizi, ya ubani na manemane. Ubani na manemane hawakuotesha wao. Vilifika huko kwa vyombo kutoka Uarabuni na upande wa Wasomali, kwa pepo zile zile za kaskazi na kusi. Unasimama pale, umbali wa maelfu ya kilomita, na duka linanuka kama nyumba ya harusi.

Mtu asikudanganye, hata hivyo, kwamba yote ni asali. Utatazamwa. Watu watakupiga picha bila kuomba ruhusa, na wengine watataka kuzigusa nywele zako. Mara ya kwanza utacheka, mara ya hamsini hutacheka. Na Nanjing ina kovu lake. Mkesha wa Krismasi wa 1988, katika Chuo Kikuu cha Hehai, ugomvi uliozuka langoni kuhusu wanafunzi wa Kiafrika walioingia na wageni wa kike wa Kichina uligeuka siku kadhaa za maandamano dhidi ya Waafrika, hata ikabidi waondolewe jijini. Aprili 2020, wakati wa Korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli za mji wa Guangzhou. Mzazi ana haki ya kuyajua haya kabla ya kutia saini. Kijana pia ana haki ya kuyajua, ili siku akikutana na neno baya asidhani limemwangukia yeye peke yake.

Baridi nayo ni mtihani. Sheria ya zamani ni kwamba mabomba ya kupasha nyumba joto yaliwekwa na serikali kaskazini mwa mto Huai, na Nanjing iko kusini yake kidogo tu. Kwa hiyo Januari, usiku ukishuka chini ya sifuri, darasani unaandika na glavu. Ndipo pembeni mwa barabara utamwona mtu na pipa la chuma, ndani mna makaa, na ndani ya makaa kuna viazi vitamu. Unanunua kimoja, unakiweka kwanza katika mfuko wa koti kikupashe mkono, kisha unakila ukitembea, kikiwa bado kinatoa moshi. Kiazi kitamu! Kule kwao kimekuwa starehe ya majira ya baridi, na sisi tulikuwa tukikikimbia tukiamrishwa kukila na chai ya asubuhi.

Neno moja kwa wanaobaki nyumbani. Saa za Uchina zimetangulia zetu kwa saa tano. Adhana ya isha ikisomwa Lamu, kule usiku wa manane umekwisha kupita na mtoto yuko kitandani, kwa hiyo mpigie mchana, baada ya adhuhuri yenu, atakapokuwa ametoka darasani. Na programu za simu ambazo tumezizoea hapa, nyingi zimefungwa huko. Wekeni WeChat kwenye simu ya nyumbani kabla hajaondoka, na mumfundishe bibi kuitumia angali yuko mtu wa kumfundisha. Wengi hukumbuka jambo hili kijana akiwa tayari amefika, kisha hukaa wiki mbili bila kuisikia sauti yake, na hapo ndipo mama huacha kula yeye.

Na wewe unayefunga sanduku, usilijaze karafuu wala tangawizi, zimejaa huko. Iliki yetu ya kijani ni adimu, hiyo beba, pamoja na majani ya chai, kwani ya kwao ni ya kijani na haitiwi sukari wala maziwa. Beba leso mbili, ya kujifunika na ya kumpa yule ayi wa mboga. Ataigeuza huku na huku, ataishika pindo, kisha atakuuliza maandishi yale yanasema nini. Jitayarishe, maana hakuna mwalimu aliyekwisha kukufundisha jina la leso kwa Kichina.